Kijusi kilichodumaa tumboni: homoni ipi, ipitie wapi, siku ya ngapi?

Kondoo amepimwa siku ya 100 ya mimba na kichwa cha kijusi ni kidogo kuliko siku zake. Homoni zenye ushahidi wa kujadiliwa ni tatu: IGF-1 (protini ya kuchochea ukuaji inayofanana na insulini), homoni ya ukuaji na melatonini. Nyingine mbili huulizwa kila mara ingawa si za kukuza kijusi, nazo ni insulini na kotikosteroidi. Majina hayo peke yake hayatoshi kuchagulia. Homoni ileile hutoa matokeo tofauti kabisa ikipewa mama, ikiingizwa kwenye maji ya uzazi, au ikipelekwa moja kwa moja kwenye damu ya kijusi. Kwa hiyo hapa tunalinganisha dawa pamoja na njia yake na siku yake.

Jambo dogo la lugha: tunasema plasenta badala ya kondo la nyuma. Katika maandishi yanayotaja kondoo kila mstari, herufi moja ikidondoka maana imepotea.

Homoni inamfikia nani?

Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hivi. Plasenta yake haiko kama sahani moja. Ni vifundo 70 hadi 100 vilivyotawanyika kwenye ukuta wa mji wa mimba, na uzito wake hufika kileleni kati ya siku ya 75 na 80. Kijusi chenyewe hupata sehemu kubwa ya uzito wake baadaye, katika theluthi ya mwisho. Kabla ya siku ya 80 bado kuna nafasi ya kuijenga plasenta. Baada ya hapo, kinachobaki ni kuifanya plasenta iliyopo ipitishe chakula zaidi.

Swali la pili ni nini kinavuka. Homoni ya ukuaji ni protini ya asidi amino 191, IGF-1 ina 70, insulini ina 51. Hakuna hata moja kati ya hizo inayovuka plasenta kwa kiasi cha maana. Ukimchoma mama, unamtibu mama, na kijusi kinaonja tu mabadiliko ya damu ya mama na ya plasenta. Melatonini ni molekuli ndogo inayoyeyuka kwenye mafuta, nayo huvuka bila shida.

Swali la tatu ni homoni ipi hasa inayoendesha ukuaji tumboni. Panya wa maabara wametoa jibu zuri: mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba watoto wa panya waliokosa jeni ya IGF-1 huzaliwa na takriban asilimia 60 ya uzito wa kawaida, ilhali panya wanaokosa homoni ya ukuaji huzaliwa karibu na ukubwa wa wenzao. Homoni ya ukuaji inatawala baada ya kuzaliwa. Ndani ya tumbo zinatawala IGF. Anayedhani kuwa homoni ya ukuaji itakikuza kijusi kwa sababu ya jina lake amekosea tangu mwanzo. Ikifanya kazi, inafanya kwa kupitia mwili wa mama.

Kudumaa si uvivu wa kukua

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo.

Kijusi cha kondoo chenye afya huishi na shinikizo la oksijeni la takriban 20 hadi 25 mmHg kwenye damu ya ateri, na glukosi ya karibu 1 mmol/L, wakati mama ana 3 au zaidi. Hicho ndicho kiwango chake cha kawaida. Kijusi kilichodumaa kwa sababu ya plasenta dhaifu kiko chini ya hapo: oksijeni pungufu, glukosi pungufu, insulini na IGF-1 zimeshuka, noradrenalini imepanda. Kimebana matumizi ili kiishi. Damu inapelekwa kwanza kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali, huku misuli, ini na utumbo vikisubiri.

Sasa kipe kijusi hicho insulini. Tishu zinaanza kuvuta glukosi na kuichoma, na kuichoma kunahitaji oksijeni ambayo haipo. Hata kijusi chenye afya kikipewa insulini kwa muda mrefu, oksijeni ya damu yake hushuka. Kilichodumaa hakina akiba ya kushuka nayo. Ndiyo sababu insulini inatoka kwenye orodha hapa hapa. Kanuni hiyohiyo inapima kila chaguo linalofuata: je, linaongeza kinachofika, au linaongeza tu kinachodaiwa?

Homoni ya ukuaji kwa mama

Nguvu yake ni kugeuza mgawanyo wa chakula mwilini mwa mama. Inapandisha glukosi na IGF-1 ya mama, inayeyusha mafuta yake, na kuifanya misuli yake isiivute sana glukosi. Kinachobaki kwenye damu kinapatikana kwa mji wa mimba.

Mahali inapofaa zaidi ni kwa kondoo aliyepandishwa akiwa bado mchanga na kulishwa sana. Huyu anaendelea kujijenga mwenyewe, plasenta yake inabaki ndogo, na mtoto anazaliwa mdogo ingawa mama amenona. Alipopewa homoni ya ukuaji kuanzia siku ya 35 hadi 80, virutubisho vilielekezwa zaidi kwenye mji wa mimba na plasenta. Angalia siku hizo: ni kipindi kilekile ambacho plasenta inajengwa. Ukianza siku ya 110, unachobadilisha zaidi ni sukari ya mama.

Kwa nguruwe, sindano za kila siku kuanzia siku ya 25 hadi ya 100 kati ya siku 114 za mimba zimeongeza uzito wa kuzaliwa. Kwa mnyama mwenye vijusi kumi na zaidi, njia ya mama ndiyo pekee inayotekelezeka, kwani hakuna atakayeingiza sindano kwenye mfuko wa kila kijusi.

Kasoro zake ni tatu. Homoni yenyewe hutoweka haraka kwenye damu, hivyo ni sindano kila siku, pengine mara mbili, au aina inayotolewa polepole kwenye mafuta. Pili, kuyeyusha mafuta ya kondoo mwenye mapacha katika wiki sita za mwisho, hasa asiyekula vizuri, ni kumsogeza kwenye sumu ya mimba, ugonjwa wa mama anayechoma mafuta yake kupita kiasi hadi ketoni zinajaa damuni. Pima ketoni (beta-hidroksibutireti) mara mbili kwa wiki: zaidi ya 0.8 mmol/L chakula hakitoshi, na ikikaribia 3 una mgonjwa mkononi. Tatu, sheria. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku homoni hii kwa ng'ombe wa maziwa kuanzia mwaka 2000, na mahali pengi mnyama aliyechomwa hawezi kuingia kwenye soko la nyama au maziwa bila kibali. Uliza kabla ya sindano ya kwanza.

IGF-1: dawa moja, njia tatu

*Kupitia mama.* Mfano ulioeleweka vizuri ni wa simbilisi, ambaye mimba yake ni ya siku 68 hivi. Pampu ndogo ya osmosisi huwekwa chini ya ngozi na kutoa IGF-1 kuanzia siku ya 20 hadi 38, kisha inaisha. Uzito wa vijusi huongezeka mwishoni mwa mimba, wiki kadhaa baada ya homoni kuondoka, kwa sababu plasenta ilikwisha kuboreshwa. Ni njia safi isiyomgusa kijusi. Kinachoharibu ni kuchelewa, na pia ukweli kwamba protini za damu ya mama huishika IGF-1 na kuipunguzia nguvu. Pima glukosi ya mama pia, maana IGF-1 huishusha kama ndugu yake insulini.

*Kwenye damu ya kijusi.* Hii inavutia kwa sababu kipimo ni cha uhakika. Kijusi huwekewa katheta (mrija mwembamba kwenye mshipa) kwa upasuaji na homoni hutiririshwa kwa siku kadhaa. Kuna umbo lililobadilishwa, LR3 IGF-1, ambalo protini za damu haziwezi kulishika sana. Kwa vijusi vyenye afya, wiki moja ya LR3 iliongeza ukuaji. Kwa vijusi vilivyodumaa haikuongeza. Tokeo hilo lina uzito mkubwa katika ulinganisho huu. Homoni hiyo inashusha insulini na asidi amino kwenye damu ya kijusi, na kijusi ambacho tayari kina upungufu wa vyote viwili hakina cha kujengea. Umempa fundi amri ya kujenga bila kumpelekea tofali.

Ongeza hapo upasuaji wenyewe: kufungua mji wa mimba, siku tano au zaidi za kupona kabla ya kuanza kutibu, katheta za kusafishwa na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kila siku, hatari ya maambukizi na ya kuzaa kabla ya wakati. Ni njia ya kujibu swali la kisayansi. Sioni sababu ya kuiita tiba.

*Kwenye maji ya uzazi.* Kijusi cha kondoo karibu na mwisho wa mimba humeza mamia ya mililita za maji hayo kwa siku. Ukiweka IGF-1 humo, inafika kwanza kwenye utumbo, ambao kwa kijusi kilichodumaa ndio uliosahaulika. Vijusi vilivyodumazwa kwa kuziba mishipa ya plasenta kwa chembe ndogo vilipopewa mikrogramu 20 kila siku kwa siku 10, utumbo ulikua vizuri lakini mwili haukuongezeka. Baadaye ratiba ikabadilishwa: mikrogramu 360 mara moja kwa wiki, wiki tano, kuanzia karibu siku ya 100. Safari hii mwili ulikua zaidi kuliko kwa waliochomwa maji ya chumvi, na vibebaji vya asidi amino kwenye plasenta viliongezeka.

Piga hesabu. Ratiba ya kwanza ni jumla ya mikrogramu 200 kwa siku kumi, ya pili ni 1,800 kwa wiki tano. Kiasi ni mara tisa, muda ni mrefu zaidi, na sindano ni tano tu. Muhimu kuliko hesabu ni kwamba upande wa ugavi nao uliguswa. Kwa kondoo aliyegunduliwa baada ya siku ya 95, kati ya njia zote za IGF-1 hii ndiyo tungeanza nayo.

Sindano ya maji ya uzazi, kwa karibu

Zuia chakula saa 12 hadi 24 ili tumbo kubwa lisisukume mji wa mimba, lakini maji yabaki. Kondoo mwenye mapacha au mwenye ketoni zilizopanda usimfungishe muda mrefu. Nyoa manyoya, osha kwa klorheksidini mara tatu, tia ganzi kwenye ngozi. Tumia sindano ndefu ya uti wa mgongo, geji 20 au 22, yenye urefu wa sentimita 9, ukiongozwa na ultrasaundi kutoka kwanza hadi mwisho. Chagua mfuko wa maji usio na kitovu wala kifundo cha plasenta njiani.

Kosa kubwa liko hapa. Kondoo ana mifuko miwili ya maji: chupa ya uzazi inayomzunguka kijusi, na alantoisi inayopokea mkojo wake. Alantoisi ni pana, inafikika kirahisi, na kwenye skrini yote miwili ni meusi. Ukitia homoni kwenye alantoisi, kijusi hakiimezi na umepoteza wiki nzima bila kujua. Tafuta utando mwembamba mweupe unaotenganisha mifuko, kisha hakikisha ncha ya sindano iko upande wenye kiungo cha kijusi kinachocheza. Vuta mililita 2 kabla ya kutia chochote. Maji ya alantoisi ni mepesi na ya manjano kama mkojo. Maji ya uzazi ni mazito kidogo, yanateleza kati ya vidole na mara nyingi yana vipande vidogo vyeupe. Yakitoka na damu, toa sindano, subiri, anza mahali pengine.

Homoni nayo ina tabia zake. Huja ikiwa poda; iyeyushe kwa kimiminika alichoelekeza mtengenezaji, izungushe taratibu, usiitikise hadi ikatoa povu. Ikiwa nyepesi sana hung'ang'ania plastiki ya bomba, ndiyo maana huongezwa albumini kidogo. Igawe kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja, kwani kila kugandisha na kuyeyusha upya kunaipunguza. Baada ya kuitia, suuza sindano kwa mililita 1 au 2 za maji ya chumvi tasa ili kipimo chote kiingie. Kwa mapacha, kila mmoja ana chupa yake; chora ramani siku ya kwanza, vinginevyo wiki ya tatu utamchoma yuleyule.

Ikiwa ni utafiti, lazima wawepo wanaochomwa maji ya chumvi peke yake. Tundu lenyewe linaweza kuleta maambukizi au kuzaa mapema, na bila kundi hilo utailaumu homoni, au utaisifu, kwa jambo lisilo lake.

Melatonini: rahisi kutoa, rahisi kuzidisha

Inamezwa, inavuka plasenta, haihitaji sindano ya tumboni. Faida zake hazionekani sana kwenye mizani. Kondoo waliolishwa asilimia 60 tu ya mahitaji yao, wakapewa miligramu 5 kwa siku kuanzia siku ya 50 hadi 130, walipata mtiririko mkubwa zaidi wa damu kwenye ateri ya kitovu, lakini uzito wa kijusi haukubadilika kwa kiasi hicho. Kwa wanakondoo waliodumaa baada ya ateri moja ya kitovu kufungwa, melatonini iliyopewa mama iliwasaidia kusimama na kulipata titi mapema, ingawa uzito haukuongezeka. Kwa mwanakondoo dhaifu, dakika hizo za kusimama ndizo uhai wenyewe.

Kisha kuna upande wa pili. Katika nyanda za juu za Chile, kondoo walipewa miligramu 10 kwa kila kilo, kila siku, theluthi ya mwisho. Mimba ilirefuka, watoto walizaliwa wadogo zaidi, na kotisoli yao (homoni ya msongo) baada ya kuzaliwa haikuwa sawa. Kwa kondoo wa kilo 60 hiyo ni miligramu 600 kwa siku, mara 120 ya kipimo cha kwanza. Mtu anayesoma "melatonini" bila kusoma miligramu anaweza kutoa kinyume kabisa cha alichokusudia.

Kipandikizi cha miligramu 18 kinachowekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, ambacho wafugaji hukitumia kuwahisha msimu wa kupandisha, kimejaribiwa kwa kondoo wa Merino wenye mapacha kuanzia siku ya 70 hadi 90, na pacha wa pili kuzaliwa alinusurika zaidi. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na zizi la kawaida. Kumbuka kwamba melatonini hushusha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa. Kagua kiwele na dang'a wiki ya mwisho.

Kotikosteroidi

Kwa ufupi: zinakomaza mapafu, hazikuzi. Graham Liggins aliona mwaka 1969 kwamba wanakondoo waliozaliwa mapema mno baada ya deksamethasoni waliweza kupumua. Lakini betamethasoni ya kurudiwarudiwa, miligramu 0.5 kwa kilo kila wiki, hupunguza uzito wa kuzaliwa, na kwa kondoo aliyekaribia siku zake miligramu 16 za deksamethasoni huleta uchungu ndani ya siku mbili au tatu. Itumie pale tu uamuzi wa kumtoa mtoto umeshafanyika.

Kuchagua

Anza na chanzo cha kudumaa. Somo kali limetoka kwa sildenafili, dawa ya kupanua mishipa ya damu ambayo si homoni: kwa kondoo waliolishwa kidogo iliongeza uzito wa vijusi, kwa waliofungwa ateri ya kitovu iliharibu oksijeni, na jaribio lake kwa wajawazito nchini Uholanzi likasimamishwa mwaka 2018 kwa sababu ya vifo vya watoto wachanga. Tiba iliyofaa kwenye mfano mmoja wa kudumaa haihamishiki kwenye mwingine hivihivi.

Kama mama ana njaa, lisha. Hakuna homoni inayochukua nafasi ya nishati na protini. Kama ni joto kali, kivuli na maji kwanza. Kama ni kondoo mchanga aliyenenepeshwa na bado uko chini ya siku ya 50, homoni ya ukuaji ina hoja, palipo na kibali. Kama plasenta imeharibika, umepita siku ya 95 na una mtaalamu wa ultrasaundi mwenye mkono tulivu, ni IGF-1 ya kila wiki kwenye maji ya uzazi. Bado hiyo ni kazi ya kituo cha utafiti chenye kibali cha maadili, kwani hakuna bidhaa ya mifugo iliyosajiliwa kwa ajili yake. Kama huna vyote hivyo na unaogopea ubongo na nguvu za mtoto kuliko kilo zake, melatonini ya kipimo kidogo. Kwa simbilisi unayejua tarehe yake ya kupandishwa, pampu kwa mama. Kwake pia kuna kazi inayoendelea ya kupeleka jeni ya IGF-1 kwenye plasenta ndani ya chembe za polima.

Pima kabla na baada, mtu yuleyule na mashine ileile: upana wa kichwa, mzingo wa tumbo, mapigo ya moyo, kila siku 10 hadi 14. Vipimo viwili tu vya karibukaribu vinadanganya. Tumbo likikataa kuongezeka kwa vipimo viwili mfululizo baada ya kuanza tiba, usiongeze kipimo cha homoni. Acha, na anza kupanga siku ya kuzaa.

Siku hiyo mwanakondoo aliyedumaa atazaliwa na mafuta machache ya kujipasha joto. Mkaushe, chovya kitovu kwenye iodini, mpe dang'a mililita 50 kwa kila kilo ndani ya saa mbili za kwanza, jumla 200 kwa kilo ndani ya saa 24. Kwa mtoto wa kilo 2.5 ni mililita 125 mwanzo, na nusu lita kwa siku. Asiyenyonya, mpe kwa mrija. Aliyepoa chini ya nyuzi 37 mpashe joto kwanza, na kama ana zaidi ya saa tano tangu azaliwe apate glukosi kabla ya kupashwa, kwa sababu joto bila sukari humletea degedege.